Ukurasa wa Damu

4 Machi

Kwako Shemeji,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, dada'ko mzima, watoto wanakuulizia kila siku shangazi wa kazini, maana wamezoea kukuita hivyo kuliko mama mdogo. Nimekutumia barua pepe tatu, zote zimerudi. Nimepiga simu, umekata. Ndipo dada'ko akanipa anwani ya hilo duka la fotokopi unakofanya kazi, nami nimeona niandike kizamani.

Niende moja kwa moja kwenye shida. Ukurasa wa kuombea damu umeanza tena. Mkunga au nesi anajaza jina la mgonjwa na kundi la damu, anabonyeza, lile duara linazunguka, linazunguka, sekunde thelathini zikifika kinatokea kibao chekundu: MUDA UMEKWISHA, JARIBU TENA. Wanajaribu tena, duara lile lile. Na utaratibu unaujua: ghala la damu halitoi hata chupa moja bila namba ya mfumo. Siku nyingine unapita sawasawa, siku nyingine unagoma asubuhi nzima.

Fundi tuliyemchukua baada yako ameongeza nguvu ya seva mara mbili, ameizima na kuiwasha mpaka mkono umechoka. Hakuna kilichobadilika. Ni mtu mpole, ila hana jicho lako. Hatukukuita Sindano bure.

Najua ulituondokea na kinyongo. Nilikutetea mbele ya bodi kadiri nilivyoweza, lakini mama wa watu alikuwa amekufa akingoja damu, na bodi ilitaka jina. Yaliyopita yamepita. Nipigie, hata sasa hivi.

Ni mimi shemeji yako,
Mkuu wa Kitengo cha Mifumo


7 Machi

Kwako Shemeji,

Barua yako imefika. Imekaa siku mbili kwenye ofisi ya vifurushi, ya tatu nikaletewa.

Ulinitetea, unasema. Mimi nakumbuka walinzi wawili wakinisindikiza mpaka getini, mmoja kashika begi langu kama begi la mwizi, wewe umesimama dirishani ghorofa ya pili na kikombe cha chai. Nakumbuka pia mume wa yule marehemu. Alikuja mpaka nyumbani kwangu, akasimama mlangoni na shati lililofungwa vifungo vibaya, akaniuliza swali moja tu: "Dada, ulibadilisha nini?" Sikubadilisha kitu. Lakini karatasi ya bodi ilisema nilibadilisha, na chini yake palikuwa na sahihi yako.

Haya. Ugonjwa wa ukurasa huo naujua vizuri sana. Nitakusaidia, kwa masharti yangu. Simu sipokei. Mwaka jana nilikuambia mambo kwa mdomo, na siku ya bodi mdomo wangu ukakosa shahidi. Safari hii kila kitu kwa karatasi, chenye tarehe, sahihi yako na mhuri wa kitengo. Ndiyo njia pekee nitakayojua kwamba hutasema tena ni mimi niliyeharibu.

Kwa kuanzia, mwambie fundi awashe daftari la maswali ya polepole. Kila swali ambalo kanzidata inachukua zaidi ya sekunde mbili kulijibu litaandikwa humo, na saa yake, na nani kauliza. Aliache kwa siku nzima, alichape lote, wewe utie sahihi kila ukurasa.

Sindano


10 Machi

Kwako Shemeji mpenzi,

Sijui nikushukuru vipi. Nilivyoona mwandiko wako juu ya bahasha nilimwambia dada'ko, damu nzito hata ikinuna. Akaendelea kukunja sare yake.

Daftari hilo hapo, kurasa arobaini na moja. Mkono umeniuma kwa sahihi. Fundi anasema kuna swali moja limejirudia maelfu ya mara, la kuhesabu wachangiaji, kila moja sekunde arobaini. Mengine ni ya wodi yaliyokwama nyuma yake. Mimi unanijua, namba hizi naziona kama mchwa wametembea kwenye karatasi. Nadhani umeme wa chumba cha seva unachangia.

Tuna mkurugenzi mpya. Mtu wa kisasa, anapenda kuona mambo kwa macho. Alipoingia aliuliza kwa nini ile skrini kubwa ya ukutani imezimwa, ile inayoonyesha jumla ya wachangiaji, niliyoitundika kwa ajili ya wageni wiki ile ya msiba. Nikaiwasha mwezi jana, amefurahi kama mtoto. Ananisifu mbele za watu, kwa hiyo unaelewa kwa nini sitaki aibu ya ukurasa huu kugoma.

Tafadhali fanya haraka.

Shemeji yako,
Mkuu wa Kitengo cha Mifumo
(mhuri umegongwa)


12 Machi

Kwako Shemeji,

Kurasa zimefika zote arobaini na moja. Nimezisoma jioni kaunta ikiwa tupu, nimezitolea nakala. Ndiyo faida ya kazi yangu mpya.

Umefanya vizuri. Sasa nahitaji vitu viwili. Kwanza, fundi aiombe kanzidata ieleze inavyolijibu lile swali la kuhesabu wachangiaji: inapita njia gani, inafungua kumbukumbu ngapi. Pili, achape historia ya ratiba ya seva tangu mwezi wa sita mwaka jana. Humo imeandikwa kazi gani iliwashwa, nani aliwasha kwa neno lake la siri, nani alizima, siku na saa. Bila hiyo siwezi kujua ugonjwa ulianza lini.

Sahihi na mhuri kama kawaida. Na usizime chochote bado. Ukizima kitu sasa hivi tutapoteza alama za ugonjwa.

Msalimie dada. Mwambie nimemkumbuka.

Sindano


16 Machi

Kwako Shemeji,

Vyote hivi hapa. Maelezo ya swali ni nusu ukurasa: kumbukumbu milioni nane zinafunguliwa moja moja, kila safari. Historia ya ratiba ni kurasa tisa, nimezitia sahihi nikiwa kwenye kikao, sikupata hata nafasi ya kuzipitia. Wewe ndiye daktari.

Lakini shemeji, hali imekuwa mbaya. Wodi ya wazazi wananijia juu. Dada'ko jana ameomba chupa moja mara sita ndipo ikakubali. Mkurugenzi ameniuliza mara mbili, nimemwambia namtumia mtaalamu wa nje. Nakuomba kwa heshima ya mke wangu, acha hizi karatasi, nipigie simu. Ukiniambia leo, leo hii itatengenezwa.

Shemeji yako,
Mkuu wa Kitengo cha Mifumo
(mhuri umegongwa)


19 Machi

Dada yangu,

Miezi minane hujaniandikia, na sikulaumu. Ulirudi kutoka wodini siku ile na damu ya mama wa watu kwenye viatu, mumeo akakuambia ni kosa la mdogo wako. Ulimwamini mtu unayelala naye. Sasa kaa chini usome.

Mwaka jana mumeo alinijia Ijumaa, wageni wanakuja Jumatatu, anataka skrini ukutani. Nilimwambia nipe siku mbili. Kanzidata yetu, pale zinapokaa kumbukumbu zote za hospitali, ni kama kaunta yenye madirisha kumi. Skrini ile inakuja dirishani kila baada ya sekunde tano kuuliza mwezi huu wamechangia wangapi, na jedwali la wachangiaji halina faharasa ya tarehe, yaani orodha ya kuonyesha majalada ya siku fulani yako wapi, kwa hiyo karani hana namna ila afungue majalada milioni nane, moja baada ya jingine. Sekunde arobaini. Kabla hajamaliza, skrini imeshatuma wengine saba kwenye madirisha mengine. Manane yamekwenda. Hospitali nzima inagombania mawili, na akisubiri mtu sekunde thelathini, anafukuzwa. Hicho ndicho kibao chekundu chenu.

Nilimwambia weka faharasa kwanza. Akasema, "Wewe Sindano kila kitu unakitia tundu." Akaiwasha mwenyewe. Jumatano yule mama akafa. Bodi ikaambiwa nilichezea ukurasa wa wodi.

Nilikuwa sina ushahidi. Sasa ninao, na ameniletea yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na mhuri. Historia ya ratiba, ukurasa wa nne: skrini imewashwa Jumapili saa kumi jioni kwa neno la siri la Mkuu wa Kitengo. Ukurasa huo huo: imezimwa Alhamisi saa moja asubuhi, kwa neno hilo hilo. Alhamisi, dada! Asubuhi ya pili yake tu, kabla bodi haijakaa, kabla mimi sijaitwa. Alijua. Alizima kimya kimya, ukurasa ukapona, akasema umepona kwa sababu nimeondolewa.

Nilijua ugonjwa tangu barua yake ya kwanza. Alipotaja skrini nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Ningemwambia siku ile ile, angezima, angekaa na sifa zake, na mimi ningekufa fundi aliyeua mtu. Nilitaka atie sahihi. Kila ukurasa alioutia sahihi nilihisi mlinzi mmoja ananirudishia begi langu.

Bahasha ya bodi imeondoka leo asubuhi. Dawa nitampa nikishapata hati kwamba wameipokea. Akae kidogo ajue kungoja kulivyo.

Mdogo wako,
Sindano


19 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa chumba cha kubadilishia nguo, zamu imeisha, sitaki kwenda nyumbani.

Juzi saa tatu asubuhi nilimzalisha binti wa miaka ishirini na mbili, mshonaji, mimba yake ya kwanza. Mtoto alitoka vizuri, wa kiume, analia kwa nguvu. Kisha damu ikaanza na haikukoma. Nilimwachia mwenzangu kukanda tumbo, nikaenda kwenye kompyuta. Nikaomba. Duara. Muda umekwisha. Nikaomba tena. Nilimtuma mhudumu akimbie ghala, wakamrudisha kwa kuwa hana namba. Nilikwenda mwenyewe na gauni limelowa, nikampigia yule wa ghala kelele, akalia, akasema, "Dada mkunga, nikitoa bila namba nafukuzwa kama yule wa mwaka jana." Yule wa mwaka jana ni wewe.

Dakika hamsini na mbili. Daktari alisema hawezi kungoja tena, akamwingiza chumba cha upasuaji, akatoa kizazi. Damu ilifika anashonwa. Yuko hai. Alipozinduka aliniuliza kama mtoto kanyonya, nikasema ndiyo, nikatoka nje kwa sababu lile jingine, la kizazi, sikuweza kumwambia.

Nilirudi nyumbani nikafungua mkoba wa shemeji yako natafuta sababu. Nikakuta barua zako. Tarehe saba: ugonjwa naujua vizuri sana. Tarehe kumi na mbili: usizime chochote bado.

Mwandiko nimeujua, nimekufundisha mimi kuandika. Niambie nimesoma vibaya. Niambie ulikuwa hujui. Naingoja barua yako.

Dada'ko


21 Machi

Dada,

Yangu na yako zimepishana njiani. Ukipokea hii utakuwa umeshaisoma ile, na jibu la swali lako utakuwa unalo.

Barua yako nimeifungua saa tano, mteja mbele yangu, mashine inatoa nakala za vyeti vya watu. Saa tano na dakika mbili nimempigia fundi wenu. Nimemwambia zima skrini ya mkurugenzi, aking'aka mwambie ni amri yangu, anitafute. Weka faharasa kwenye tarehe ya jedwali la wachangiaji. Skrini ihesabu mara moja kwa siku, alfajiri. Ipe wodi madirisha yao wenyewe yasiyoguswa na mtu. Na hata mfumo ukifa wote, ghala litoe damu kwa sahihi ya mkunga. Sharti lile tuliliweka sisi tukiwa na kiburi. Nimesikia akiandika. Kisha akasema, "Imefunguka."

Dakika nne, dada. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu.

Sina la kujitetea. Na bado namchukia. Nilidhani nikimfikisha bodi chuki itanitoka. Haijatoka, imehamia tu.

Sindano


27 Machi

Wewe,

Sikuiti shemeji. Bodi imeniita. Mwenyekiti alinisogezea kurasa zangu mezani, sahihi zangu moja baada ya nyingine, akaniuliza kama ni mwandiko wangu. Nilikukaribisha mimi katika kazi ile. Nilikula nawe meza moja. Ukanifanya nijichape mwenyewe kwa mkono wangu.

Ndiyo, niliizima Alhamisi asubuhi. Usiku kucha nilikumbuka ulivyoniambia kuhusu faharasa, nikaenda saa moja, chumba cha seva kikiwa hakina mtu, nikaizima. Ukurasa ukafunguka hapo hapo. Nilikaa sakafuni. Unajua maana ya kujua jambo kama hilo ukiwa peke yako? Nina mke, nina watoto. Wewe hukuwa na mtu wa kulisha. Niliogopa, nikakutanguliza wewe. Na aliponijia huyu mpya akaiulizia, nilishajiambia kwa miezi saba kwamba si skrini, mpaka nikaamini.

Lakini mimi niliizima. Sikia vizuri. Nilipojua, niliizima. Wewe ulijua tarehe saba ukaniambia nisizime. Kwa siku kumi na nne ulikaa kwenye duka lako ukikusanya karatasi. Nilifikiri nizipeleke barua zako bodi nikumalize, nikafungua mkoba, hazimo. Dada'ko amenitangulia. Ameziwasilisha mwenyewe, na yako ya tarehe kumi na tisa juu.

Tumepatana kwa jambo moja basi, mimi na yeye: barua zako zifike bodi. Mengine yote ameyakata.


11 Aprili

Dada,

Najua ulikuwepo jengoni na hukutaka kuniona. Nakuandikia yaliyotokea ndani ya kikao cha bodi.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, jagi la maji katikati ambalo hakuna aliyeligusa. Mume wa marehemu wa mwaka jana alikaa safu ya mbele. Katibu alisoma historia ya ratiba, ukurasa wa nne, polepole, siku na saa. Mumeo hakubisha. Wamemfukuza kazi. Kwangu wamesema uamuzi wa mwaka jana umefutwa na jina langu limesafishwa, wameniandikia na barua. Hii ndiyo karatasi niliyoiota miezi minane.

Halafu katibu akasoma barua zangu. Zilipokuwa zikisomwa nilikuwa naisikia sauti yangu mdomoni mwa mtu mwingine, na ilikuwa tamu, dada, ilikuwa sauti ya mtu anayefurahi. "Kila ukurasa alioutia sahihi." Mume wa marehemu aligeuka kuniangalia kwa mara ya kwanza. Kisha alisimama, akatoka bila kumwangalia mumeo wala mimi.

Mwenyekiti aliniuliza, "Una simu?"

"Ninayo."

"Kwa nini hukupiga?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi. Nikasema, "Nilitaka sahihi yake." Akaandika. Wameamua nisikabidhiwe tena neno la siri la mfumo wowote wa hospitali. Sikubisha na mimi.

Nje ukumbini kulikuwa na benchi, na binti amekaa na mtoto mgongoni, kashika jalada lake, anangoja kuitwa kliniki. Nilimpita. Fundi alikuwa amesimama naye, akanielekeza kwa kidole, kwa nia njema kabisa, unamjua alivyo. Binti akainuka kwa shida, mkono tumboni, akanifuata.

"Samahani dada," akasema. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyeutengeneza ule ukurasa."

Nikasema, "Ndiyo."

Akanishika mikono yote miwili. Akasema Mungu akuzidishie, wengine wasipate nililolipata mimi. Mtoto alikuwa macho, ananitazama juu ya bega la mama yake. Nikaipokea shukrani yake, dada. Niliipokea yote, nikasema asante, nikashuka ngazi.

Hajui. Bodi haikumwita, na karatasi zao hatazisoma. Sijui nifanye nini. Mwambie wewe, wewe umeshika mkono wake siku ile, atakusikiliza.

Sindano


14 Aprili

Mdogo wangu,

Simwambii mimi.

Anarudi Ijumaa saa nne kuangaliwa kidonda, chumba namba sita. Nitakuwa naye, nitashika mtoto. Njoo umwambie mwenyewe, tangu tarehe saba mpaka tarehe ishirini na moja, bila kumtaja mume wangu. Ya mume wangu atakuja kuyasema mwenyewe. Nimemwambia hivyo hivyo.

Nyumbani chumba cha nyuma kiko wazi. Njoo na nguo za siku mbili.

Dada'ko